Maji ya Samaki wa Mwisho

Kufuli lilikuwa zima. Inspekta aliligeuza kiganjani, akachungulia tundu la ufunguo, kisha akaliachia likaning'inia kwenye pete yake. Hapakuwa na mkwaruzo wala alama ya nondo. Aliyeingia humu aliingia kama mwenye nyumba.

Wenzake kituoni walimwita Sindano. Si kwa wembamba, maana mwili alijaliwa, bali kwa sababu alipenya pale ambapo wengine hawakuona tundu. Nyuma yake alisimama Sajini, mtu wa makamo mwenye mdomo mwepesi kuliko miguu.

"Afande," Sajini alinong'ona, "tumeacha kesi ya pikipiki tuje kutafuta samaki? Tena nimeambiwa samaki wenyewe hata kikaango hawajazi."

"Futa viatu, uingie."

Kilikuwa chumba kirefu cha kuta za matofali, na ndani yake matangi matatu ya zege yaliyojengwa kufikia kiuno, kila moja na kioo upande wa mbele. Yote yalikuwa makavu. Utando wa kijani ulikuwa umeanza kujikunja kwenye vioo. Mipira myembamba ya kupulizia hewa ilining'inia ikielekea chini, haina cha kupuliza. Ndani ya tangi la tatu samaki wachache, hata kidole hawafikii, walikuwa wamegandamana na sakafu, rangi yao ya buluu ikigeuka kuwa ya majivu.

Mwenye mahali alikuwa ameketi juu ya kigoda, koti la safari bado mwilini. Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Babu Samaki. Alikuwa mtafiti mstaafu, mjane, na kazi yake yote ya uzeeni ilikuwa ndani ya chumba hiki. Asubuhi alipopiga simu kituoni alilia hadi askari wa zamu akadhani kuna mtu amekufa. "Wameniibia maji," alikuwa amesema. "Wameniulia wote." Sasa alikuwa ametulia mno.

"Pole sana, mzee wangu," Sindano alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Makao makuu ya utafiti. Nilikwenda kuwaomba wanitafutie chemchemi nyingine, niwahamishie hawa. Nimerudi leo asubuhi, nikafungua mlango, nikakuta hivi."

"Na makao makuu walisemaje?"

"Nirudi mwezi ujao."

Sajini aliinama karibu na kioo. "Mzee, si utapata wengine? Mtoni huko, ziwani..."

"Hawa hawaishi mtoni wala ziwani. Walikuwa wa chemchemi moja tu, hiyo iliyokuwa chini ya kilima." Mzee alinyoosha mkono dirishani. Nje hapakuonekana kilima. Yalionekana mabati, bati juu ya bati, mpaka macho yachoke. "Nilipokuja hapa, chemchemi ilikuwa nje ya mji. Sikuhama mimi, mji ndio ulionifuata. Walikuja watu, na mtu anataka nyumba, nyumba inataka tofali, tofali linataka kuni za kuchomea, na wote wanataka maji. Ndege mdiria waliondoka kwanza, miti waliyokuwa wakitua ilipokatwa. Kisha kerengende. Vyura walivumilia sana. Chemchemi ilipozungushiwa zege na kuvutwa kwa mabomba, nao wakanyamaza. Mimi niliwahi kuchota samaki kwa chujio la chai."

"Kwa hiyo waliobaki duniani..."

"Walikuwa humu." Alisema bila kupandisha sauti. "Sisemi watu ni wabaya, afande. Watu wanaoga. Wanapika. Hata mimi nina bomba jikoni."

Sindano aligeukia tena mlango. "Kwenye simu ulisema umeibiwa."

"Nilichanganyikiwa. Huenda matangi yalivuja." Mzee alikwepa macho yake. "Tuyaache tu, mama. Maji yakimwagika hayazoleki."

Sindano aligeuka akamtazama vizuri. Mtu aliyepiga mayowe ya wizi asubuhi, jua halijapanda sawasawa anazungumzia nyufa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama, magoti yakamlia, akaanza kuitambaa sakafu.

Matangi matatu hayavuji usiku mmoja. Isitoshe, mbele ya kila tangi palikuwa na miduara ya unyevunyevu, mingine juu ya mingine: vitako vya ndoo. Matone yalitoka hapo hadi mlango wa nyuma. Chini ya meza ya kazi aliona duara jingine, pana zaidi, bado bichi. Beseni. Ndani ya duara hilo lilibaki gamba moja linalong'aa. Beseni lenyewe halikuwepo, na aliyeliondoa hakuwa ameliondoa zamani.

Kwenye ukingo wa tangi la tatu palinasa uzi mweupe, laini. Sindano aliutoa kwa kucha, akaufunga ndani ya karatasi.

"Mzee, ulikuwa na samaki wangapi?"

"Hawakutimia mia mbili."

"Ninaowaona hapa ni wachache. Wengine wako wapi?"

"Labda paka."

"Paka mwenye ndoo," Sajini alisema.

Pembeni mwa chumba palikuwa na meza ndogo, na juu yake sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Sindano alifunua. Maharage na mkate, bado havijachacha.

"Nani kakupikia?"

"Mimi mwenyewe."

"Ulikuwa safarini, mzee wangu."

Mzee alifunga vifungo vya koti lake la safari.

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Hakuna."

Sindano alifunika sahani taratibu, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala.

Nje, Sajini alikuwa na habari. Mwenye duka wa ng'ambo ya barabara alimweleza kuwa tajiri mmoja wa malori ya maji, ambaye watu walimwita Bosi wa Maboza, alikitaka kiwanja hiki kwa udi na uvumba. Mwezi uliopita alisimama getini akapiga kelele kuwa samaki wanakunywa maji ya watoto wa watu. Na mbele ya geti, kwenye vumbi, kulikuwa na alama mpya za matairi mapana.

"Kesi imekwisha," Sajini alisema akipangusa mikono. "Boza limekuja, limenyonya, limekwenda kuuza. Na mzee amenyamaza kwa sababu ametishwa."

"Kwa ndoo?"

"Afande?"

"Boza lina mpira na pampu. Lingemaliza matangi haya kabla hujamaliza kuvaa buti. Aliyeingia humu alichota kwa ndoo, na maji yakatokea nyuma, siyo huku barabarani." Alifikiri kidogo. "Lakini matairi ni matairi. Twende."

Yadi ya Bosi wa Maboza ilikuwa imejaa malori yaliyosimama, na hilo peke yake lilimshangaza Sindano. Siku za kiangazi malori hayo hayakuwa na nafasi ya kusimama. Madereva walilala chini ya vivuli vya matangi yao. Bosi mwenyewe, mtu mnene mwenye simu mbili, aliwapokea akiwa ameegemea bampa.

"Najua mlichofuata. Mzee wa samaki."

"Ulipita kwake."

"Nilipita mtaani kwake, jana jioni na leo asubuhi. Barabara si ya baba yake."

"Kufanya nini?"

"Kuuza maji, afande, mimi nauza maji. Na kwa mara ya kwanza nilikuwa na boza moja tu lenye kitu ndani. Hebu njoo." Aligonga ubavu wa lori la karibu. Liliitika kama ngoma. "Sikia hilo. Na hili. Chemchemi imeshuka mpaka pampu inanyonya tope. Mabomba ya mtaa ule hayajatoa hata tone tangu wiki iliyopita. Mnadhani ningekuwa na maji ya wizi ningeacha malori yangu yalie njaa hivi?"

"Ulimtishia yule mzee."

"Nilisema ukweli kwa sauti kubwa. Ni kosa?" Alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Watu wananiita mnyonyaji. Haya, mimi nauza, wanunuzi ni nani? Wenye hoteli. Wenye kuosha magari. Hata kituo chenu, afande. Muulize huyo Sajini, gari lenu linaoshwa kwa maji ya nani."

Sajini alikohoa. "Linapata vumbi sana," alisema.

"Jana jioni na leo asubuhi ulimuuzia nani mtaani kule?" Sindano aliuliza.

"Kila mtu alinunua, hata kwa bei ninayoona aibu kuitaja. Isipokuwa zahanati. Jana yule mkunga alinibembeleza nimkopeshe, nikamwambia kukopa harusi, kulipa matanga. Leo asubuhi nikaona roho inanisuta, nikarudi kumpelekea madumu mawili ya bure. Akanirudisha! Eti wanayo ya kutosha."

"Wameyapata wapi?"

"Ndilo nililojiuliza na mimi."

Sindano aliutoa uzi mweupe kutoka kwenye karatasi, akauweka kwenye mwanga. Haukuwa uzi wa kushonea. Ulikuwa umechomoka kwenye kitambaa chenye matundu, kile cha kufungia vidonda. Aliukunja tena.

Zahanati ilipakana na nyumba ya Babu Samaki kwa nyuma. Ua wa miba tu ndio uliozitenganisha, na uani palikuwa na mwanya uliosuguliwa na kupita kwa mtu mmoja miaka mingi. Kabla ya kuingia, Sindano alisimama chini ya kamba ya nguo. Mtaa mzima ulikuwa mkavu kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa, lakini hapa palikuwa na mashuka, yanadondosha maji. Alilivuta moja karibu na uso. Lilinuka sabuni, na nyuma ya sabuni, harufu ya mawe yenye utando. Kwenye pindo kulikuwa na unyuzi wa kijani.

Ndani, wodi ya wazazi ilikuwa na vitanda vinne na wanawake saba. Wawili wawili walilala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu. Kitanda cha dirishani mwanamke mmoja aliyepauka kwa kupungukiwa damu alikuwa amepewa nafasi peke yake, pacha wawili wamelazwa kando yake kama mikate. Mwingine alitembea kandokando ya ukuta akishika kiuno, uchungu ukiwa umemshika. Mkunga alikuwa akimsugua mgongo. Alikuwa mwanamke wa miaka ya arobaini, macho yamevimba kwa kukesha. Alipowaona askari hakushtuka.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Baba hajambo?"

Sajini alimtazama Sindano. Sindano aliitikia kwa kichwa, kana kwamba alijua tangu zamani. Ukweli ni kwamba alijua tangu alipoiona ile sahani. Alichokuwa hajakijua ni jina la undugu.

"Yuko salama. Anakuficha."

"Ameliona beseni, basi." Mkunga aliketi juu ya sanduku tupu la dawa. "Ni la hapa. Lina alama ya zahanati kitakoni."

"Tueleze."

"Jana waliletwa wawili kwa pamoja, na huyo wa dirishani akawa wa tatu. Pacha. Bomba limekauka, dumu la mwisho limekwisha. Utamzalishaje mtu kwa mikono yenye damu ya mwingine? Nilimpigia baba simu, haipatikani. Ufunguo ninao, nampelekea chakula kila siku, na jana nilimwekea cha kumpokea safarini. Nikajiambia, tangi moja tu. Nikachuja samaki kwa shashi, nikawahamishia la pili, nikachota. Nikayachemsha. Yakatosha kwa wale wawili." Aliisikiliza pumzi ya yule anayetembea ukutani. "Kisha huyu akaanza kutoka damu. Haikukatika. Nikarudi. Nikawahamishia wote la tatu. Kila safari nilisema hii ndiyo ya mwisho. Mwishoni nikawatia kwenye beseni, nikaweka ule mpira wa hewa, nikamwambia Mungu nipe mpaka kupambazuke."

"Halafu?"

"Umeme ukakatika. Hapa nilijua, taa ilizimika. Nilijua kabisa kule mashine ya hewa imesimama na wao wamebanana. Lakini mkono wangu ulikuwa tumboni kwa huyu mama, nimekandamiza. Ningeutoa angekwenda." Aliutazama mkono huo. "Sikuutoa."

Pacha mmoja alilia, wa pili akamfuata.

"Nimekua nao wale samaki, afande. Nilipokuwa mdogo baba alinipa kazi ya kuwalisha. Nikifanya utundu, adhabu yangu ilikuwa kutowaona siku nzima. Niandike. Nataka kushtakiwa."

"Mwenye mali amesema matangi yalivuja."

"Msimsikilize. Usiponiandika itakuwaje? Itakuwa hakuna kilichotokea. Itakuwa hawakuwahi kuwepo."

Mlango uligongwa kwa kiwiko. Babu Samaki aliingia akiwa amekumbatia kitu ndani ya koti lake, amekibana kifuani kwa mikono miwili. Alipomwona Inspekta alisita, kisha akaamua. Alifungua koti. Ilikuwa chupa ya kioo ya mdomo mpana, maji hayafiki hata nusu, na ndani yake samaki mmoja wa buluu akipanda na kushuka, mdomo juu, akitafuta hewa.

"Alikuwa chini ya wenzake kwenye beseni," mzee alisema. "Maji haya yamechafuka. Ya bomba hata yangekuwepo yana dawa, yatamuua. Mwanangu, yamebaki yoyote? Yale yetu?"

Mkunga alisimama. Kwenye kona ya chumba palikuwa na ndoo moja iliyofunikwa. Aliifunua. Yalikuwa maji ya samaki, ambayo hayajachemshwa, na alikuwa ameyaweka kwa ajili ya huyu anayetembea ukutani. Aliishika ndoo kwa mpini, akaileta mbele ya baba yake, akaiweka chini.

"Chukua, baba. Yote."

Mzee aliyatazama maji. Kisha akamtazama yule mwanamke ukutani, aliyekuwa ameuma mtandio wake ili asipige kelele, jasho linamtiririka. Alimtazama kwa muda mrefu. Sindano, aliyewahi kuwaona watu wakisaini hati za kifo, alijikuta ameshika mgongo wa kiti.

"Nipe jagi," mzee alisema.

Alichota jagi moja. Akalimimina ndani ya chupa polepole, vidole vyake vikizuia maji yasimpige samaki. Halafu akaisukuma ndoo kwa mguu, akairudisha kwa binti yake.

"Mchemshie mwenzio," alisema. "Anakaribia."

Mkunga alimshika mkono. Mzee hakuuondoa, lakini hakuukamata pia. Aliuacha ukae pale kidogo, kisha akakumbatia chupa yake, akatoka kwa mlango wa nyuma, kuelekea kwenye ule mwanya wa uani.

"Baba!" binti aliita.

"Nimesikia," alijibu bila kugeuka. "Maharage nitakula."

Njiani kurudi kituoni Sajini hakufanya mzaha hata mmoja. Walipofika uwanjani walimkuta askari akiosha gari la kituo kwa mpira, povu linatiririka mpaka mtaroni. Sajini alikwenda akafunga bomba, akasimama pale ameshika koki, kama hajui aiache lini.

Jalada lilifunguliwa. Mkuu wa kituo aliuliza ni kosa gani, Sindano akajibu kuwa hajui bado, lakini liandikwe. Mlalamikaji aligoma kulalamika, mshtakiwa aligoma kutoshtakiwa, na chemchemi, na hoteli, na waosha magari, na nyumba zote zile za mabati hazikuwa na mahali pa kuandikwa. Siku chache baadaye ilibidi mzee atie saini kwamba hana dai lolote. Sindano na Sajini walimpelekea karatasi wenyewe.

Walimkuta kwenye kigoda kilekile. Tangi la kwanza lilikuwa na maji kidogo, chini kabisa. Mabomba yalikuwa yameanza tena kutoa, naye alikuwa akiyaacha maji wazi juani mpaka dawa iishe, sufuria kwa sufuria. Nyuma ya kioo alikuwepo yule samaki, rangi imemrudi, buluu ya kung'aa kama kanga mpya. Alikuwa na shughuli. Aliokota kijiwe kimoja mdomoni, akakipeleka pembeni, akakitema, akarudi kuchukua kingine. Katikati ya changarawe palikuwa pameshatokea kiduara safi, laini, kama ua uliofagiliwa.

"Amepona!" Sajini alisema, akapiga magoti mbele ya kioo. "Tazama anavyochapa kazi. Anafanya nini huyu?"

"Ni dume," mzee alisema. "Anamfagilia jike mahali pa kutagia."

Sajini alitabasamu. Kisha tabasamu likamwishia usoni taratibu.

Mzee alitia saini. Samaki aliokota kijiwe kingine.